Mama Mbiu na Jumbe za Mkondo wa Saba

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Mbiu atakabidhi funguo za chumba cha mitambo. Huo ndio utakuwa mwisho wa utumishi wake wa miaka thelathini na moja na miezi miwili katika mamlaka yetu ya maji. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na sita. Yeye mwenyewe aliniomba nisiandike. Baada ya mvutano wa siku mbili tumeafikiana kwamba niandike, ila nisimpake mafuta.

Aliingia hapa akiwa karani wa simu ya upepo. Wengi wenu hamkuiona kazi hiyo, na mshukuru. Mpima maji aliyekuwa kituoni mtoni alipiga simu akataja kimo cha mto. Karani aliandika, kisha akazipigia ofisi kumi na mbili, moja baada ya nyingine: pampu, matangi, dawa, daraja, king'ora na nyinginezo. Mpima hakuruhusiwa kukata simu mpaka ofisi ya mwisho ijibu. Siku moja mhudumu wa daraja alikwenda msalani na mto mzima ukamngoja.

Siku hiyo, anasema mumewe ambaye ni fundi cherehani, Mama Mbiu alirudi nyumbani amenuna, akasukuma sahani pembeni na kuanza kuchora mishale nyuma ya bahasha. Kwa miaka miwili alijifunza kuandika programu wakati wa chakula cha mchana, kwa vitabu vya kuazima, huku mabinti zake wawili wakifanya mazoezi ya shule kwenye meza ileile. Kilichotoka kwenye bahasha ile ndiyo Mbiu.

Kwa lugha ya mafundi wa kompyuta, Mbiu ni maktaba. Haina vitabu, ni fungu la maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambalo programu nyingine huliazima zikitaka kupashana habari. Mwenye habari huipiga kwenye mkondo wake, kisha hurudi kwenye shughuli zake bila kungoja mtu. Anayeitaka hujiandikisha kwenye mkondo huo, nayo humfikia. Mpigaji hajui nani anasikia, na asiyekuwepo huwekewa mpaka arudi. Kwa watu wanaoitumia kwa mikono aliandika amri nne za kuchapa kwenye skrini nyeusi: piga, sikiliza, nani, na acha. Ukiandika "mbiu nani", inakutajia kila anayesikiliza. Ukiandika "mbiu acha", inamtoa umtakaye. Jina alilitoa kwenye methali ambayo kila mtu anaijua, kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.

Wakati wa majaribio alifungua mkondo ulioitwa "chai", ili mhudumu wa jikoni atangaze chai ikiiva. Wiki nzima pampu ya tangi la tatu ikawa inawaka saa nne kamili asubuhi bila kuguswa na mtu. Walinzi walianza kuipitia mbali. Mmoja aliapa kwamba pampu ile imepata mwenyewe, na si mwanadamu. Mama Mbiu alikuta imejiandikisha kwenye mkondo wa chai kwa makosa ya herufi mbili.

"Haina pepo," aliwaambia walinzi. "Ina kiu tu."

Huyo ndiye mnayemfahamu. Kwa miaka mingi alitembea na sifa moja aliyoipenda kuliko vyeti vyote, kwamba Mbiu haijawahi kupoteza ujumbe hata mmoja. Ilikuwa kweli, na ni kweli hadi leo. Lakini kuna asubuhi moja ukweli huo ulitutisha sote, na wasifu wa Mama Mbiu usioitaja asubuhi hiyo utakuwa kanzu isiyo na mikono.

Kituo cha Saba kilikuwa juu kabisa mtoni. Mpima maji wake tulimwita Bwana Nipo, kwa sababu kila baada ya robo saa alituma kimo cha mto kwenye mkondo wa saba na kumalizia kwa neno hilo moja: "Nipo." Alikuwa mtu mpole, mwembamba, anayevaa saa mkono wa kulia. Miaka saba iliyopita, mchana wa mvua kubwa, mto ulikizoa kituo chake. Alipatikana siku ya tatu, tukamzika. Siku ile ofisini hatukupata ujumbe wake wowote baada ya saa saba mchana. King'ora cha mtaa wa bondeni kililia kwa kuchelewa, baada ya kituo kingine cha chini kuona maji. Watu walitoka viatu mkononi, vitu vyao vyote vikaenda. Ripoti ya uchunguzi ilikuwa na sentensi ambayo wengi wetu tuliisoma tukainamisha macho: "Mpima maji hakutoa taarifa. Inaelekea alilala."

Miezi kumi na minne ikapita. Mamlaka ikajenga Kituo cha Tisa, na ili kuokoa kazi ikaamuliwa kitumie mnara wa zamani wa kilimani, ule uliokuwa ukipokea jumbe za Kituo cha Saba peke yake na kuzisogeza kwetu. Jumanne moja asubuhi fundi wa redio alipanda kuweka betri mpya mnarani. Mama Mbiu aliagizwa aufunge mkondo wa saba siku hiyohiyo.

Kabla ya kuufunga aliandika "mbiu nani", kama mtu anayegonga mlango wa nyumba anayojua ni tupu. Alitarajia kuona ofisi zetu na king'ora tu. Chini ya orodha palikuwa na msikilizaji mmoja zaidi. Mahali pa jina palikuwa na mstari mfupi, kama kistari cha kuunganisha maneno.

"Kuna mtu," akasema.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Kwenye saba. Anasikiliza."

Niliusogelea mkono wa kiti chake nikatazama. Mkondo ule haukuwa umetamka neno kwa miezi kumi na minne, na kuna mtu aliyekuwa ameutegea sikio muda wote huo. Mama Mbiu akamtoa kwa amri. Kistari kikatoweka. Baada ya dakika nne kikarudi. Akamtoa tena. Nikaiangalia saa ya ukutani na kuhesabu. Dakika nne, kikarudi. Maagizo ya msikilizaji aliyekatika kurudi baada ya dakika nne aliyaandika yeye mwenyewe, na alilijua hilo. Lakini niliona amejifunika mabega kwa mtandio na joto lote lile.

Ndipo ujumbe ulipoingia.

"Saba, namba 8,412. Mita mbili na robo. Maji yana rangi ya udongo. Nipo."

Saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa ya asubuhi ileile, dakika ileile. Mhudumu wa jikoni alikuwa ameingia na sinia la vikombe. Alisoma juu ya mabega yetu, akageuka na sinia lake, akatoka bila kumimina hata kikombe kimoja.

"Nani anafanya mchezo huu?" akauliza mkuu wa kitengo, akisimama kutoka mezani kwake.

Nusu dakika ikapita, ukaja mwingine. Mita mbili na nusu. Nipo. Nusu dakika tena, mwingine. Nje jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu la kufutia jasho.

"Funga mkondo, Mama," mkuu akasema. "Funga sasa hivi."

"Nikifunga, zinazokuja zitapotea."

"Na zipotee! Yule mtu tumemzika!"

"Nilikuwepo mazikoni, mkuu. Huna haja ya kunikumbusha."

Namba 8,416 ilisema mita mbili na robo tatu. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa jambo la duniani kabisa: king'ora cha bondeni kilikuwa bado kimejiandikisha kwenye mkondo wa saba, nacho hulia chenyewe kimo kikifika mita tatu. Kikilia bure, watu elfu kadhaa wangekimbia wakikanyagana, na siku ya kweli wasingetoka. Kikinyamazishwa na mto unakuja, wangekufa majumbani. Tulikuwa na nusu dakika.

"Piga simu darajani," Mama Mbiu akaniamuru, vidole vyake vikiwa tayari juu ya herufi.

Nikapiga. "Daraja! Mto uko wapi?"

"Uko hapahapa," akajibu mhudumu wa daraja. "Uende wapi?"

"Maji, kaka! Maji yamefika wapi?"

"Kwenye vifundo vya miguu. Kuna jamaa anaosha baiskeli."

Mama Mbiu akaandika amri ya kukitoa king'ora na kukizuia kisirudi. Ilipita pumzi moja hivi, kisha namba 8,417 ikajiandika mbele yetu: "Mita tatu na ushee. Pigeni king'ora, watu wa bondeni watoke. Nipo."

King'ora hakikulia. Mkuu wa kitengo alikaa chini palepale aliposimama, bahati nzuri palikuwa na kiti.

"Siku ile ujumbe wake wa mwisho kutufikia ulikuwa namba 8,411," Mama Mbiu akasema polepole, bila kuondoa macho kwenye skrini. "Namba anaziweka mtumaji. Saa tunaiweka sisi tunaopokea. Hizi ni za siku ile."

Akachukua simu ya upepo na kumwita fundi aliyekuwa mnarani. "Umegusa nini huko?"

"Nimeweka betri tu, Mama," sauti ya fundi ikaja na mikwaruzo. "Kuna taa ya kutuma inawaka na kuzima, na mimi sijatuma kitu."

"Usiiguse. Shuka, kaa mbali nayo, iache imalize."

Kumbe mchana ule wa mafuriko njia ya kutoka mnarani kuja kwetu, iliyoungwa upya Kituo cha Tisa kilipojengwa, ilikuwa imekatika, lakini njia ya kutoka kituoni kwenda mnarani ilikuwa nzima. Kisanduku cha mnarani kilizipokea jumbe zote za Bwana Nipo, kikazitunza kama kilivyofundishwa, betri ikafa, kikalala nazo. Sasa kilikuwa kimeamshwa, kinazitoa moja moja, kikipumzika nusu dakika kati yake ili betri isichoke. Tulilielewa hilo wote. Halikutusaidia kitu. Kuelewa ni jambo moja, na kukaa kwenye kiti huku mtu uliyemzika akikwambia maji yamefika ngazi ya pili ni jambo jingine.

Namba 8,424 ndiyo iliyomvunja Mama Mbiu. Nainukuu yote, kwa ruhusa ya mjane wake: "Mita nne. Maji yamepita ngazi. Kila nikituma mashine inaniambia imetumwa, kwa hiyo najua mnaona. Nangoja mseme niondoke. Nipo."

Aliondoa mikono kwenye herufi na kuiweka mapajani. "Imetumwa" lilikuwa neno lake. Yeye ndiye aliyelichagua, miaka mingi nyuma, liandikwe kwenye skrini ya mpigaji. Maana yake ilikuwa kwamba kisanduku cha kwanza njiani kimepokea. Halikuwa na maana kwamba kuna mtu amesikia. Mtu mmoja kule juu alilisoma kama watu wote wanavyolisoma, akabaki.

Jumbe nyingine zikaja. Namba 8,427: "Maji yako mezani. Mke wangu akiuliza, mwambieni nilikuwa kazini. Nipo." Ya mwisho, namba 8,428, haikuwa na kimo. Ilikuwa na lile neno moja tu.

Baada ya hapo mkondo ukanyamaza. Feni ya darini iliendelea kuzunguka, na mkuu wa kitengo alikuwa anafuta miwani yake isiyo na uchafu. Ghafla Mama Mbiu akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Yule msikilizaji," akasema. "Naye amezisoma."

Nikavuta daftari la nyaya na kufuatisha namba ya waya kwa kidole. Ulitoka jengo letu, ukapita nyuma ya matangi, ukaishia kwenye nyumba za watumishi, nyumba namba nne. Hiyo ilikuwa nyumba ya Bwana Nipo. Mkewe alikuwa bado anaishi humo, na mkononi alikuwa na barua yetu ya kumtaka ahame ifikapo mwisho wa mwezi.

Kwa kutembea ni dakika sita. Tulikimbia. Tulimkuta anatoka mlangoni, amevaa mabuti ya mvua yaliyomzidi miguu, mwavuli mkononi, jua linamchoma usoni.

"Maji yako mezani," akatuambia. "Mbona mmesimama? Twendeni tukamchukue!"

Mama Mbiu alimsogelea, akaushika mkono wenye mwavuli kwa mikono yake miwili.

"Ni maneno ya siku ile, mdogo wangu. Yalikwama njiani. Yamefika leo."

Shemeji yetu alimtazama. Niliiona akili yake ikirudi hatua kwa hatua kutoka mtoni. Akakaa kwenye kizingiti, akavua buti moja, la pili akaliacha.

"Kwa hiyo hakulala," akasema.

"Hakulala."

"Mliandika alilala."

"Tuliandika."

"Na mashine ikawa inamwambia mnamsikia."

"Mashine yangu," akasema Mama Mbiu. "Neno lile niliandika mimi."

Akakaa chini kwenye kizingiti pembeni yake. Nilidhani atapigwa, na nadhani yeye mwenyewe alingoja kupigwa. Shemeji alilia kwanza kwa sauti, kisha kimya, na kichwa chake kikaishia begani kwa Mama Mbiu. Baadaye ndipo alipotueleza. Mumewe alikuwa amemfungia mashine kuukuu sebuleni na kumfundisha amri ya kusikiliza, ili kila robo saa ajue kwamba yu mzima. Baada ya mazishi hakuizima.

"Ningeizima," alisema, "ingekuwa kama nimemwambia nyamaza."

Alituomba tumchapie jumbe zote kwenye karatasi. Tulipomletea jioni ile alizisoma mpaka mwisho, akazikunja, kisha akanyoosha mkono akaizima mashine mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata Mama Mbiu alikwenda mbele ya bodi. Mkuu wa kitengo, ambaye kwa kweli alimtakia mema, alimshika kando kwenye korido na kumshauri aseme mnara uliharibiwa na radi. "Radi haina cheo, Mama. Haiwezi kuandikiwa barua." Mama Mbiu alimshukuru, akaingia, akasema mnara ulikatika na neno lake likamdanganya mtu. Alipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho katika utumishi wake, na ameniagiza niitaje humu la sivyo haji kwenye sherehe. Ripoti ilirekebishwa na kusomwa mbele ya wafanyakazi wote, mjane akiwa ameketi mstari wa mbele. Barua ya kumhamisha ilichanwa. Aliishi namba nne miaka miwili zaidi, kisha akahamia kwa dada yake kwa hiari yake.

Kwa wiki tatu Mama Mbiu hakula chakula cha mchana. Aliifumua Mbiu na kuishona upya. Leo mpigaji yeyote akituma, skrini humwambia ujumbe umefika wapi na wangapi wamesikia. Idadi ikibaki sifuri kwa dakika tano, mistari miwili hutokea kwa herufi kubwa: HAKUNA ANAYESIKIA. ONDOKA. Mwaka uliofuata mpima maji wa Kituo cha Tisa aliisoma mistari hiyo katikati ya mvua, akaacha kila kitu, akapanda kilimani. Alipogeuka, paa la kituo lilikuwa linaelea. Siku ya Ijumaa ndiye atakayekata keki.

Kuna jambo moja sikulipatia jibu, na kwa kuwa tumeafikiana kuandika kweli, nalo liingie. Fundi wa redio alikishusha kile kisanduku cha mnarani, tukakifungua pamoja na kusoma kwenye kihesabio chake idadi ya jumbe zilizokuwa zimetunzwa ndani. Zilikuwa kumi na sita. Sisi tulipokea kumi na saba. Tulikisoma mara tatu. Nilipomwambia Mama Mbiu hakunyanyua hata kichwa.

"Mashine huhesabu kuanzia sifuri," akasema. "Kumi na sita yake ni kumi na saba yako."

Nikaridhika. Mwezi mmoja baadaye fundi alinieleza kwamba visanduku vya aina ile huanza kuhesabu na moja, kwa hiyo ujumbe mmoja kati ya tuliopokea haukutoka humo. Sikumrudishia Mama Mbiu habari hiyo, naye hajaniuliza. Ila niligundua kwamba ile karatasi ya namba 8,428 haimo kwenye jalada alilokabidhi kwa bodi. Aliitoa akampa mjane nakala halisi, wala hakubakiza nyingine.

Amefundisha makarani ishirini na watatu, na hakuna hata mmoja ambaye yeye aliwahi kumwita mjinga, mbele yake au nyuma yake. Ameficha pipi kwenye droo ya nyaya kwa miaka kumi na sita akidhani hatujui. Amekataa kupandishwa cheo mara mbili, kwa sababu ofisi ya juu haina dirisha. Nikiulizwa nimejifunza nini kwake, nitasema nimejifunza kuuliza mara ya pili ninapoambiwa mambo yako sawa.

Mama Mbiu, mamlaka inakushukuru, na sisi wa meza za jirani tunakushukuru zaidi ya mamlaka. Msalimie fundi cherehani na mwambie sasa atakuwa na mshindani wa redio ya sebuleni. Tumesikia pia kwamba umejiandikisha kujifunza kuogelea, wewe uliyefanya kazi ya maji miaka thelathini na moja bila kulowesha magoti. Mwalimu wako tumeshaongea naye. Tunakutakia afya, kicheko, asubuhi zisizo na haraka, na maji yasiyopita kifua.